Jiko Lisilo na Mtu na Mtu Asiye na Jiko

Mji Mkongwe,
Unguja.
Jumanne, baada ya adhuhuri

Kwa Mheshimiwa Sheha wa shehia yetu,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU KUHESABIWA MAJIKO NA KUSAHAULIWA MTU

Assalaam alaykum. Naanza kwa salamu kwa sababu salamu ndiyo sehemu pekee niliyoiweza nilipokuja mwenyewe ofisini kwako jana asubuhi. Nilisema shikamoo, ukaitikia marahaba, ukaniuliza nina shida gani, nami nikajibu kwamba sina shida. Kisha nikakaa kwenye benchi robo saa na kuondoka. Maelezo yale hayakuwa sahihi. Shida ninayo, na kwa kuwa karatasi hainitazami usoni, naomba niieleze kwa maandishi.

Jina langu ni Thuwaiba Ubwa. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu na nimepata nafasi ya kusoma chuoni Tunguu. Chuo kinataka barua ya sheha inayothibitisha kwamba mimi ni mkaazi wa shehia hii na kwamba nimo katika kaya fulani. Mwisho wa kuipeleka ni keshokutwa, Alhamisi. Msaidizi wako, Bwana Makungu, amelifungua daftari la kaya mara mbili mbele yangu, na mara zote mbili hakuniona, ingawa nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka alipo. Aliniambia kwa upole, "Mwanangu, humu hamna mtu wa jina hilo. Barua nitaiandika ya nani?" Kwa hiyo nawasilisha malalamiko yafuatayo, kwa heshima na kwa mpangilio.

1. Kuhusu hesabu yenyewe.

Bwana Makungu alipita nyumbani kwetu mwezi uliopita na kijitabu chake. Kijitabu kinasema, na alinionesha ukurasa, kwamba kaya ni watu wanaopika jiko moja na kula chungu kimoja. Ni maelezo mazuri na sina ugomvi nayo. Ila nyumba yetu ni ya zamani, ina ua chini na ghorofa mbili juu, na kila sakafu ina jiko lake. Uani pana seredani ya makaa ya bibi yangu mzaa baba, Bi Mize. Ghorofa ya kwanza pana jiko la gesi la shangazi yangu Saadiya. Ghorofa ya juu pana jiko la umeme la kioo la Bi Shemsa, mke wa ami yangu Haroub. Na ngazini, baina ya uani na ghorofa ya kwanza, pana stovu la mafuta ya taa ambalo halina mwenyewe. Bwana Makungu akahesabu majiko, akapata manne, akaandika kaya nne. Baada ya hapo ndipo alipoanza kutafuta watu wa kuwatia ndani yake.

Baba yangu ni marehemu na mama yangu ameolewa Wete, kwa hiyo ilibidi iulizwe mtoto huyu anakula jiko gani. Hapo adabu ikaingia na kuharibu kila kitu. Bibi aliulizwa mwanzo. Akaona si vyema kujivutia mjukuu huku binti yake na mke wa mwanawe wanasikia, akasema, "Huyu wa shangazi yake. Mimi mzee wa meno mawili ntamlisha nini?" Shangazi akaona haya kumpokonya mamake mjukuu, akasema, "Thuwaiba wa bibi yake tokea hajaota meno, mie nnamuazima tu." Bi Shemsa, ambaye amekuja nyumbani kwetu kwa ndoa na hasahau hata siku moja, akasema kwamba yeye hana kauli juu ya mtoto wa watu, lakini akilazimishwa, basi mtoto ni wa wote. Bwana Makungu akatafuta katika fomu yake kisanduku cha "wa wote". Hakukipata. Akapiga mstari.

Mimi nilikuwepo. Aliniuliza, "Na wewe mwenyewe unasemaje?" Nikasema, "Naam." Naam yangu haikuandikwa popote.

Kwa hiyo Mheshimiwa, daftari lako hivi sasa lina jiko moja lisilo na mtu, na nyumba yetu ina mtu mmoja asiye na jiko, na ofisi haijaona kwamba mambo haya mawili yana uhusiano.

2. Kuhusu seredani.

Niliporudi kwa Bwana Makungu mara ya pili aliniambia, "Chagua jiko, mwenye jiko akubali, nikuandike, tumalize." Nikaona nikichagua mtu, wawili watavunjika moyo. Nikichagua jiko kwa sifa zake, hakuna atakayelaumu, kwa sababu jiko ni chuma na udongo tu. Nimetumia siku tano kuyalinganisha, na nimepika kwenye yote matatu yenye wenyewe, kwa hiyo nayaandika kwa ujuzi.

Seredani ina sifa moja ambayo majiko mengine hayana: moto wake unakwenda chini na juu. Wali ukikauka, bibi hutoa makaa chini, akayaweka juu ya mfuniko kwa koleo, na wali ukamaliza kuiva kwa kupaliwa. Mkate wa kumimina nao ni hivyo hivyo. Bila ya makaa juu, mkate huo huwa na uso wa mgonjwa. Tena seredani haiishii kwenye chakula. Makaa yanayobaki huchemsha maji ya kuogea, hukausha nguo za ndani siku ya mvua, na kaa moja hutiwa chetezoni kwa ajili ya udi.

Hapa pana tatizo la kisheria. Gesi haitoi kaa na kioo hakitoi kaa, kwa hiyo kila Alhamisi jioni mimi hubeba makaa kutoka uani hadi ghorofa zote mbili ili nyumba nzima inukie. Nikiandikwa kaya ya seredani, nitakuwa nausafirisha moto wa kaya moja kuupeleka kaya nyingine mbili, na sijaona ukurasa wa kijitabu unaozungumzia moto unaovuka mipaka.

Aibu za seredani ni hizi. Kuiwasha ni nusu saa ya kupepea, na buibui langu la shule lilikuwa likinuka moshi hata mwalimu wa kemia akiniuliza kama nimetoka maabara. Pia haina amri. Huiambii kidogo wala zaidi. Haizimwi, inaisha yenyewe inapotaka, kama mgeni wa Iddi.

3. Kuhusu gesi.

Jiko la gesi ni tiifu. Ukiliambia kidogo linakuwa kidogo. Chai ya alfajiri huchemka kabla hujamaliza kufunga mtandio. Chapati zake ni nzuri. Wali wake unaungua katikati na kuwa mbichi pembeni, lakini hakuna jiko lisilo na dosari, na kwa haki kabisa hili ndilo lingekuwa la kwanza katika mtihani wangu.

Ila mwenye jiko analiogopa. Shangazi Saadiya analo mwaka wa nne sasa, na bado huwasha kiberiti kwanza, hufungua madirisha yote mawili, huugeuza uso upande wa barabara, huunyoosha mkono kama anayemlisha mbwa asiyemjua, na hutoa shahada. Moto ukishika husema, "Alhamdulillahi, leo tena." Halafu mtungi hausemi umebakisha nini. Shangazi huutikisa na kutega sikio, na kila mara husikia kwamba umejaa, na kila mara huisha sambusa zikiwa kwenye mafuta. Hapo mimi huteremka na karai la mafuta ya moto hadi uani nikamalizie kwenye seredani. Naomba uzingatie sambusa hizo. Upande mmoja zimepikwa kaya ya pili, upande wa pili kaya ya kwanza.

Hata hivyo nilimwendea shangazi, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba jiko lake limeshinda na nataka niandikwe kwake. Alipanga sambusa kwenye sahani. Kisha akasema, "Nnataka, mwanangu, wallahi nnataka. Lakini ukiandikwa kwangu, yule mama chini atalala vipi?" Akanipa sambusa tano badala ya tatu, na mazungumzo yakaisha.

4. Kuhusu jiko la kioo.

Ami Haroub anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya ufukweni Uroa, huja nyumbani mara moja kwa wiki. Hoteli ilipobadilisha majiko, alipewa moja akalileta. Alitueleza kwamba halina moto, halina moshi, halina harufu, na ukiweka mkono halikuunguzi. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sasa baba, linapika kwa nini?" Ami akasema linapika kwa sumaku. Bibi akasema, "Haya," kama mtu anayefunga dirisha.

Jiko hilo halikubali sufuria isiyoshika sumaku, na hilo ami alilisahau. Nilipewa sumaku ya kwenye mlango wa friji nipite nikijaribu vyombo vya nyumba nzima. Nilijaribu vyombo thelathini na kimoja. Sufuria zote ni za alumini, hazikushika. Kilichoshika ni kikaango kimoja cha chuma na mfuniko wa kopo la biskuti. Kwa siku tisa Bi Shemsa alipika kila kitu kwenye kikaango, pamoja na chai, na kwa sababu jiko lilitoka kwa mwana wa nyumba hii, kila aliyeinywa chai ile, iliyokuwa na vidoti vya mafuta juu, alisema imekolea. Siku ya kumi ami akaleta sufuria inayofaa.

Siku hiyo Bi Shemsa alipika wali kuufurahisha ukoo. Bibi akapanda ghorofa mbili, jambo ambalo hulifanya kwa nadra, akauliza, "Mshaupalia?" Bi Shemsa akajibu, "Hili halipaliwi, mama." Bibi akateremka. Baada ya muda tukamsikia anapanda tena polepole, na akaingia na koleo mkononi na makaa kwenye kigae. Akayapanga juu ya mfuniko, moja moja, kwa ustadi wake wote. Jiko likalia mara tatu, likajizima. Bibi akasema, "Ndiyo hivyo, hata lenyewe limeshukuru." Bi Shemsa alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akasema, "Ahsante, mama."

Wali ule, kwa kukiri kwa watu wote, ulikuwa mtamu kuliko wali wowote uliowahi kupikwa nyumbani kwetu. Ulianzia kwenye kioo, ukaiva kwa makaa, na ulitiwa mdalasini na karafuu za shangazi. Naiuliza ofisi yako: wali ule ni wa kaya gani?

5. Kuhusu sahani na fitri.

Bwana Makungu anadhani sina chungu. Ukweli ni kwamba kila mchana nikirudi huwekewa sahani tatu, kila moja chini ya kawa lake, katika sakafu tatu. Siwezi kuiacha hata moja, kwa sababu inayoachwa huulizwa, na maswali mimi siyawezi. Kwa hiyo hula kidogo chini, kidogo katikati, kidogo juu. Na kila nilipo huulizwa kwa siri, "Kwani huko kwengine wamepika nini leo?" Mimi hujibu, "Wamepika." Jibu hili limelinda amani ya nyumba yetu kwa miaka kumi na tatu.

Mwisho wa Ramadhani iliyopita niligundua jambo zito zaidi. Kama unavyojua kuliko mimi, fitri ya mtu hutolewa na yule anayemlisha. Nilipotumwa kupeleka mchele kwa maskini, nilihesabu pishi za kila sakafu, na hesabu haikwenda sawa na watu. Bibi alitoa pishi moja zaidi. Shangazi alitoa pishi moja zaidi. Bi Shemsa naye alitoa pishi moja zaidi, na ile yake alikuwa ameifunga kando kwenye kitambaa ili isionekane. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Zote tatu zilikuwa zangu.

Kwa maana hiyo, katika daftari la Malaika mimi ni watu watatu, na katika daftari la shehia mimi si hata mmoja. Nilimweleza hilo Bwana Makungu, au nilijaribu. Alisema, "Fitri haina fomu." Nakubali haina. Lakini naogopa kuishi baina ya hesabu mbili zinazopishana kiasi hicho.

6. Ombi.

Baada ya kuyapima majiko yote matatu, nimeona kwamba kila moja lina sifa za kutosha kunikaribisha na adabu za kutosha kunikataa. Kwa hiyo naomba niandikwe kwenye lile la nne. Stovu la ngazini lina tambi kumi, tatu zimekufa. Linanuka, linatia masizi, na huchukua muda kuchemsha hata kikombe cha maji. Lakini halina mwenyewe wa kuvunjika moyo. Naomba niwe kaya ya mtu mmoja, jiko moja, mkaazi wa ngazi ya saba kutoka chini.

Najua kwamba nitakuwa mkuu wa kaya. Nimeisoma fomu ya chuo, na inasema mkuu wa kaya athibitishe kwamba mwanafunzi anaishi kwake na ana tabia njema. Niko tayari kuthibitisha kwamba ninaishi kwangu. Kuhusu tabia, nitaandika kwamba ni njema kwa kadiri ninavyomjua mwanafunzi huyo, ingawa hasemi sana. Nikihitajika kujipa ruhusa ya kukaa dahalia ya chuo, nitajipa, baada ya kujishauri.

Ofisi ikiona kwamba msichana wa umri wangu hawezi kuwa mkuu wa kaya, basi naomba stovu liandikwe mkuu na mimi niwe chini yake. Ni kubwa kuliko mimi kwa umri. Na kama hilo pia haliwezekani, naomba Bwana Makungu aje ayaondoe majiko yote manne nyumbani kwetu, abakishe moja alitakalo yeye kwa amri ya serikali, ili atakayekasirika aikasirikie serikali, ambayo haili nasi.

Nikimaliza, naomba radhi kwa benchi niliyoikalia jana bila ya sababu iliyosemwa. Nisalimie wote ofisini, na Bwana Makungu umwambie sina kinyongo naye, alikuwa na visanduku vichache. Bi Mize anakusalimu bila ya kujua kwamba ninakuandikia, kwa sababu humsalimu kila sheha. Shangazi Saadiya na Bi Shemsa nao wangekusalimu.

Kwa unyenyekevu,
Thuwaiba Ubwa,
Mkuu wa Kaya (mtarajiwa)

Baada ya sahihi. Mheshimiwa, nilipomaliza kuandika niliona si uaminifu kudai jiko ambalo sijapata kulipikia. Baada ya alasiri nilitia mafuta ya taa, nikawasha tambi saba, nikaweka muhogo wa mtu mmoja kwenye sufuria ndogo, na nikakaa ngazini kuwa kaya.

Bibi akaja kuuliza ni nini kinachonuka. Aliona muhogo unachemka kwa maji matupu, akateremka, akarudi na tui la nazi na muhogo mwengine. Shangazi akaja kuuliza kama ninaunguza nyumba, akaenda akaleta pilipili na ndimu. Bi Shemsa hakuuliza kitu. Alileta vipande vya samaki changu, akavitia mwenyewe, kisha akakaa ngazi ya nane. Nilisema ninajaribu kuwa kaya kwa ajili ya barua ya Tunguu. Lilikuwa jambo refu kuliko yote niliyowahi kuwaambia pamoja. Kisha bibi akasema, "Sasa utakula peke yako, na sisi tunakuona?" Ngazini hamna pa kuweka sahani, kwa hiyo tulikula wote kwenye sufuria ile ile. Sehemu ya ami Haroub imefunikwa mpaka aje kutoka Uroa. Bibi alisema chumvi imezidi.

Kwa mujibu wa ukurasa wa kijitabu, Mheshimiwa, malalamiko yangu yote tokea nambari moja hadi nambari sita hayana msingi. Tumepika jiko moja na kula chungu kimoja. Ni kaya moja, watu watano. Naomba barua hii ichanwe na hesabu isahihishwe kabla ya Alhamisi. Kwa kuwa jiko lililotumika nimelidai mimi, huenda Bwana Makungu akataka kuniandika mkuu. Asiniandike. Mkuu wa kaya huitwa mikutanoni akasimama na kusema. Mkuu awe bibi, wafuate wengine kwa umri wao, na mimi niwe wa mwisho, pale karatasi itakapobakisha nafasi. Lakini niandikwe.